Matembezi ya Hisani kwa Hospitali ya Watoto: Yanavyochanga Pesa, Magogoni na Kwingineko

Matembezi ya hisani ni mwendo wa miguu wa watu wengi, wenye siku na njia iliyotangazwa, unaofanywa ili kuchanga pesa za jambo lisilomnufaisha mtembeaji mwenyewe. Mtembeaji hashindani na mtu. Hapewi zawadi kwa kufika wa kwanza, na mwendo wake unaweza kuwa wa mzee mwenye mkongojo au wa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kazi yake kubwa huifanya kabla ya siku hiyo: anawaendea jamaa, majirani na wenzake wa kazini na kuwaambia kwamba yeye atatembea, nao wamtolee. Pesa basi hazitoki kwenye miguu. Zinatoka kwenye ahadi zilizokusanywa kabla ya mtu kufunga kamba za viatu, na kamati inayolisahau hilo huishia na umati mkubwa barabarani na mfuko mwepesi.

Magogoni ni mojawapo ya wadi saba za Kisauni, bara ya kaskazini mwa Mombasa, pamoja na Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga na Shanzu. Ni mtaa wa nyumba zilizobanana, vibanda vya viazi karai, misikiti na makanisa yanayosikilizana sauti, na watoto wengi. Mtoto wa Magogoni akipata homa, hupelekwa kwanza zahanati au kliniki ya karibu. Akizidiwa, huvushwa Daraja la Nyali hadi kisiwani, kwenye Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Coast General, ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara. Ziko hospitali za binafsi pia, na hospitali ya watoto ya Gertrude's ya Nairobi ina kliniki yake Nyali, lakini huko mzazi hulipa kwa bima au kwa pesa mkononi. Kwa familia ya kipato cha siku, hospitali ya watoto kwa vitendo ni wodi ya watoto ya hospitali ya umma na chumba chake cha watoto wachanga. Ndiyo maana makala haya, yanapotaja hospitali ya watoto, yanazihesabu pia wodi hizo, hata kama hazina jengo lao peke yao wala jina kubwa langoni.

Asili ya desturi hii

Kutoa kwa ajili ya mwenzio si jambo geni pwani. Wakfu ulijenga misikiti na kuchimba visima karne nyingi kabla ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Mchango wa mazishi hupita nyumba kwa nyumba mpaka leo, na daftari lake huandikwa kwa uaminifu ambao benki ingeuonea wivu. Baada ya uhuru, mwaka 1963, Jomo Kenyatta aliifanya Harambee kuwa wito wa taifa, na kwa njia hiyo zilijengwa shule na zahanati nyingi ambazo serikali changa isingeweza kuzijenga peke yake. Baadaye harambee iligeuka jukwaa la wanasiasa. Mgeni rasmi aliketi mbele, jina lake na kiasi chake vikasomwa kwa kipaza sauti, na aliyeleta shilingi hamsini akajiona ameleta aibu. Mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliwawekea maafisa hao mipaka katika kuchangisha na kusimamia michango ya hadhara.

Matembezi ya hisani yana tofauti moja kubwa na harambee ya namna hiyo: hayana kiti cha mbele. Mwenye kutoa mia na mwenye kutoa elfu mia wanavaa fulana ya rangi moja na kukanyaga vumbi moja. Kwa maoni yangu hii ndiyo nguvu yake halisi, kuliko hata pesa zinazopatikana siku yenyewe, kwa sababu inamfanya mtoaji mdogo awe na haki ya kuuliza pesa zilikwenda wapi.

Matembezi ya kisasa ya kuchanga pesa za tiba yanaaminika kuanzia Puerto Rico. Mwaka 1953 mchekeshaji Ramón Rivero, aliyejulikana kwa jina la Diplo, alitembea kutoka San Juan hadi Ponce, maili 80 hivi, akichangia chama cha kupambana na saratani cha kisiwa hicho. Watu walijipanga barabarani kumpa walichokuwa nacho, na zikapatikana takriban dola 85,000. Mwaka 1960 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha kampeni ya dunia dhidi ya njaa, na kampeni hiyo ikayasambaza matembezi katika nchi nyingi. Kenya ilikuwa na baraza lake na matembezi yake, na wako Wakenya wa makamo ambao mara yao ya kwanza kutembea kwa ajili ya wengine ilikuwa katika mwendo huo wa njaa.

Historia ya hospitali ya watoto mashuhuri kuliko zote Kenya pia imeshikana na safari ya miguu, ingawa haikuwa ya hisani. Ewart Grogan, kijana wa Kiingereza, alitaka kumwoa Gertrude Watt, na baba wa kambo wa msichana hakumwamini. Grogan akaapa kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini ili kuthibitisha uanaume wake. Alifika Cairo mwanzoni mwa mwaka 1900 na mwaka huohuo akamwoa Gertrude. Gertrude alifariki mwaka 1943. Mumewe akatoa ardhi Muthaiga, na mwaka 1947 ikafunguliwa hospitali ya watoto yenye jina la marehemu. Haifai kumpamba Grogan kupita kiasi: mwaka 1907 aliwachapa Wakikuyu viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, na hospitali yake ilizaliwa katika mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi. Lakini Gertrude's imekua ikawa hospitali ya watoto wa kila kabila, na yeyote anayesimulia habari za hospitali za watoto nchini lazima aanze nayo.

Mfano wa Mater

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu, na ulio na mengi ya kufundisha, ni Mater Heart Run. Hospitali ya Mater ilifunguliwa Nairobi mwaka 1962 na masista wa Shirika la Huruma kutoka Ireland. Katika miaka ya 1990 hospitali ilianza mwendo wa kila mwaka wa kuwachangia watoto wenye maradhi ya moyo ambao wazazi wao hawamudu upasuaji. Mshiriki hununua fulana, na fulana ndiyo tiketi yake. Anaweza kukimbia, kutembea au kusukuma kigari cha mtoto. Miaka ilivyopita mwendo ulitoka Nairobi ukafika miji mingine, Mombasa ikiwemo.

Kwa nini mwendo huu uliwagusa watu kiasi hicho? Kwanza, ugonjwa wenyewe unaeleweka na una mwisho. Takriban mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na kasoro ya moyo: tundu kati ya vyumba vya moyo, au mshipa uliopaswa kufunga baada ya kuzaliwa ukabaki wazi. Wengi wa watoto hao wakipasuliwa mapema wanakua, wanacheza mpira na kwenda shule kama wenzao. Wasipopasuliwa, wengi hudumaa, wakinyonya wanatweta, na midomo ya baadhi yao huwa ya samawati. Halafu kuna ugonjwa wa moyo unaotokana na koo. Mtoto anapata maambukizi ya koo ya bakteria, hatibiwi vizuri, na mwili wake katika kupigana na bakteria unazijeruhi vali za moyo. Dawa ya kuzuia haya yote ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Ugonjwa huu hupenda nyumba zenye watu wengi kwenye chumba kimoja, na hivyo habari yake inamhusu mama wa Magogoni moja kwa moja: koo la mtoto lisiloisha na homa si la kuachiwa tangawizi peke yake.

Pili, kila kiasi kilichochangwa kilikuwa na kazi inayohesabika. Kulikuwa na orodha ya watoto wanaosubiri, upasuaji ulikuwa na gharama inayojulikana, na aliyevaa fulana alijua kwamba wenzake kadhaa pamoja naye wamemlipia mtoto mmoja. Matembezi mengi hufa mwaka wa pili kwa kukosa jambo hili. Yanatangaza kuwasaidia watoto wagonjwa kwa ujumla, na jambo lisilo na mipaka humfanya mtoaji ajione kama anamwaga maji mchangani.

Tatu, ulikuwa mwendo wa familia. Mtoto mzima anayetembea kwa ajili ya mtoto mgonjwa hahitaji kuelezwa sana, na mzazi anayemwona mwanawe akitweta kwa furaha baada ya kilomita chache anaelewa maana ya kutweta kwa ugonjwa.

Miendo mingine ya ukanda huu

Kutoka hapo mtu anaweza kuona jamaa nyingi za matembezi haya. Machi 2014 Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa wakati huo, aliongoza mbio na matembezi Nairobi kwa kampeni ya Beyond Zero, na Aprili ya mwaka huo akakimbia marathoni ya London. Kampeni ilikusudia kuipa kila kaunti kati ya 47 kliniki tembezi ya akina mama na watoto. Magari yalifika, na somo lililofuata ni kwamba gari la kliniki linahitaji dereva, muuguzi, mafuta na dawa kila mwezi, mambo ambayo mchango wa siku moja hauyalipi.

Mwaka 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini, akichangisha shilingi milioni 250 za hospitali ya kuwarekebisha waliovunjika uti wa mgongo. Wakenya walimfuata kwenye taarifa za habari na kumtumia pesa kwa simu. Hakutembea hata hatua moja, na bado ule ulikuwa mwendo wa hisani wenye kishindo kuliko mingi ya miguu.

Uganda, vilabu vya Rotary vilianzisha mwaka 2012 mbio za kila mwaka za kuchangia matibabu ya saratani katika hospitali ya Nsambya, Kampala. Huko pia, kuambatanisha mbio na jengo moja linalojulikana kuliwasaidia watu kuona pesa zao zikiota kuta.

Kuna tawi moja la historia hii lililopita bahari na kurudi. Mwaka 1985 kikundi cha wanawake wa Vancouver, Kanada, kilianzisha matembezi ya kuichangia Taasisi ya Aga Khan. Watu wapatao elfu moja walitembea, wakapata dola 55,000 hivi za Kanada. Jumuiya ya Ismailia ya mji huo, ambayo kiongozi wake wa kiroho ni Aga Khan, ilikuwa imejaa watu wa Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Matembezi hayo yakaenea Kanada nzima na kuwa mojawapo ya michango mikubwa ya namna yake nchini humo. Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyousaidia mpango wa shule za awali za Madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa ombi la wazazi na viongozi Waislamu wa hapa, na baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Watoto wengi wa pwani walijifunza herufi zao za kwanza katika shule hizo.

Hesabu ya pesa

Pesa za matembezi zina vyanzo vitatu. Kuna kiingilio au bei ya fulana, kuna ahadi za wanaomfadhili mtembeaji, na kuna wadhamini, yaani kampuni, maduka, sacco na vyama. Kamati changa huegemea cha kwanza kwa kuwa ni rahisi kukieleza. Ndicho kibovu kuliko vyote.

Tuseme watu 300 wa Magogoni wanalipa shilingi 500 kila mmoja. Hizo ni 150,000. Fulana ikigharimu shilingi 350 kuishona na kuichapa, zinabaki 45,000, na hapo hujalipia maji, kipaza sauti wala gari la wagonjwa. Sasa tuseme watu haohao 300 hawalipi chochote, hawapewi fulana ila kitambaa cha kufunga mkononi, lakini kila mmoja anakuja na wafadhili kumi waliotoa shilingi 100. Hizo ni 300,000, na karibu zote zinabaki. Zaidi ya hayo, katika hesabu ya kwanza ni watu 300 walioguswa na jambo lile. Katika ya pili ni 3,300. Mwenye duka, dereva wa tuktuk, mwalimu wa madrasa na mama wa mahamri wote wameingia, na wote wataulizia.

Fulana si haramu. Ikiwa mdhamini ameilipia, ichapwe. Kosa ni kuitoa kwenye pesa za mtoto mgonjwa.

Zamani ahadi ziliandikwa kwenye kadi: jina, kiasi, saini. Baada ya matembezi mtembeaji alirudi kwa kila mtu kudai, na kila mtu anajua ahadi iliyosubiri wiki mbili hupungua. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza Machi 2007, ilibadili mambo. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkali, kampeni ya Wakenya kwa Wakenya ililenga shilingi milioni 500 na kuzipita, sehemu yake ikitokana na watu wa kawaida waliotuma shilingi kumi au mia kwa simu. Tangu wakati huo mtu haahidi. Anatuma palepale mbele yako. Kamati ifungue nambari ya malipo ya M-Pesa, yaani Paybill, iliyounganishwa na akaunti ya benki ya kikundi, na kila mtembeaji apewe neno lake la kuandika kwenye sehemu ya akaunti, ili ijulikane nani ameleta kiasi gani. Kamwe pesa zisipitie nambari ya simu ya mtu binafsi, hata awe imamu au mchungaji. Si kwa sababu haaminiki. Siku akiugua au simu ikiibiwa, heshima ya kila mtu inapotea pamoja nayo.

Wadhamini wanafaa kwa vitu kuliko pesa: maji, fulana, hema, mafuta ya ambulensi. Mwenye kiwanda cha maji anatoa katoni mia kwa moyo mweupe kuliko hundi ya thamani hiyo, na kamati inaweza kusema kwa haki kwamba kila shilingi ya mwananchi imefika hospitalini.

Sheria na idhini

Kenya ina Sheria ya Michango ya Hadhara, Sura ya 106, inayomtaka anayechangisha umma apate leseni. Matembezi barabarani huingia pia kwenye Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Waandaaji hupeleka notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla, wakitaja njia, saa na jina la mhusika. Kaunti nayo huombwa ruhusa ya uwanja na barabara. Kikundi kinachotaka kuendelea mwaka hadi mwaka ni bora kisajiliwe. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na ndiyo mlango wa wanaotaka kuwa shirika kamili.

Hospitali yenyewe lazima ikubali kwa maandishi kabla bango la kwanza halijabandikwa. Kuchangisha kwa jina la hospitali isiyojua ni karibu na ulaghai, hata nia ikiwa safi. Inafaa pia kujua kwamba mwaka 2023 ilipitishwa sheria inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao na kuyatumia papo hapo, badala ya kuyapeleka kwenye mfuko mkuu wa kaunti yakapotelea huko kwa miezi. Kamati iulize akaunti hiyo ni ipi na nani anaisimamia.

Jambo moja linapuuzwa sana: picha za watoto wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumika. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mtoto mwenye tumbo lililovimba aliyebandikwa kwenye nguzo ya umeme leo ndiye kijana atakayeitwa kwa jina la ugonjwa wake shuleni kesho. Bango linaweza kuonyesha mashine inayotakiwa, au wauguzi wanaoitumia, na likaeleweka vizuri.

Njia, saa na hali ya hewa

Mombasa huadhibu mwendo uliopangwa vibaya. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma, saa tatu za asubuhi jua tayari ni kali. Aprili na Mei ni masika, na barabara za ndani za Kisauni hugeuka madimbwi. Wakati mzuri ni Julai hadi Septemba, kusi ikiwa imepoza mji. Mwendo uanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi na uwe umekwisha kabla ya saa tatu. Ramadhani iepukwe. Jumamosi huingiliana na madrasa na Jumapili na ibada, kwa hiyo viongozi wa dini wakae pamoja mapema wachague siku ambayo hakuna upande utakaohisi umesahauliwa.

Kuhusu njia, wengi watataka kutoka Magogoni kwa barabara ya zamani ya Malindi, wapite Mlaleo hadi Kengeleni, wavuke daraja na kumalizia kwenye lango la Coast General. Ni njia yenye historia. Kengeleni imepewa jina na kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875. Daraja la kwanza, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931, na hili la sasa mwaka 1980. Hata hivyo siipendekezi kwa umati mkubwa. Daraja la Nyali ndilo njia kuu ya ambulensi zinazotoka bara ya kaskazini, na haielekei kutembea kwa ajili ya watoto wagonjwa huku ukimchelewesha mmoja wao kwenye foleni. Mwendo ubaki Kisauni, uzunguke kutoka Magogoni kupitia mitaa jirani na kurudi uwanja wa shule, kisha wajumbe wachache na baadhi ya watoto wavuke kwa gari kupeleka walichokipata.

Wanafunzi watembee na walimu wao kwa barua za wazazi. Kila kilomita mbili pawe na maji na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance huombwa mapema, si wiki ya mwisho. Mwenye kifua, kisukari au ujauzito apangiwe njia fupi. Mwenye selimundu asitembezwe juani kabisa, kwa kuwa kukaukiwa maji na uchovu humletea maumivu makali, na ugonjwa huu unao watoto wengi pwani kama ulivyo magharibi mwa nchi. Mpeni kazi ya kuwapokea watembeaji mwishoni.

Cha kununua

Hapa ndipo kamati nyingi hupotea. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 41 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 21 kati yao hufariki katika mwezi wa kwanza. Yaani nusu ya vifo vyote vya watoto wadogo hutokea kabla mtoto hajafikisha siku thelathini. Sababu kubwa ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Mwenye kutaka shilingi yake iokoe uhai mwingi iwezekanavyo aanzie chumba cha watoto wachanga.

Chumba hicho hakihitaji miujiza. Kinahitaji joto, hewa, mwanga na usafi. Kuna mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani. Kuna vifaa vidogo vinavyobanwa kidoleni au mguuni kupima oksijeni kwenye damu, na mpira wake wa kubana ndio unaoharibika kwanza. Kuna vifaa vya kusukuma hewa taratibu puani kwa mtoto ambaye mapafu yake hayajakomaa. Kuna taa za mwanga wa buluu kwa watoto wenye manjano. Kuna viti vya kuegemea kwa mama anayemlea mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, tiba inayotumika duniani kote na isiyohitaji umeme. Na kuna jambo ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya vifaa, nalo ni mahali pa mama kulala na kula wakati mtoto amelazwa wiki tatu. Mama wa Magogoni asiye na nauli ya kurudi kila siku hulala sakafuni, au hurudi nyumbani, na maziwa yake yanakauka.

Kabla ya kununua mashine yoyote, kamati imuulize fundi wa vifaa vya tiba wa hospitali, si mkurugenzi peke yake. Fundi ndiye anayejua ni aina gani ina vipuri Mombasa. Mashine ya msaada iliyoundwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani ikichomekwa kwenye volti 240 za hapa bila kibadilisha umeme huungua. Stoo za hospitali nyingi Afrika zimejaa vifaa vilivyopokewa kwa ngoma na kuzimika kimya. Kwa hiyo theluthi moja ya pesa zitengwe kwa vipuri na matengenezo ya miaka miwili. Hakuna mdhamini anayependa kupigwa picha na fyuzi, na hapo ndipo mchango wa watu wengi wadogo unapofaa kuliko wa tajiri mmoja: unaweza kununua kisichong'aa.

Njia nyingine ni hazina ya wagonjwa wasiojiweza, inayoendeshwa na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa imehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na familia zisizolipa mchango wao hufika wodini bila kinga. Hazina hiyo inaweza kumlipia mtoto kipimo cha leo, na papo hapo kuisajili familia yake na kuilipia mwaka mmoja, ili homa ijayo isiwe balaa jipya. Jengo jipya ndilo la mwisho ningelishauri mtaa kama Magogoni. Jengo ni kazi ya serikali na mashirika makubwa, linameza miaka, na msingi uliosimama bila paa huvunja moyo wa watu kuliko kutoanza.

Baada ya siku yenyewe

Hesabu ifungwe ndani ya wiki mbili. Mhazini, pamoja na watu wawili ambao hawakuwa kwenye kamati, wapitie taarifa ya Paybill na ya benki mstari kwa mstari. Taarifa ya ukurasa mmoja itaje kilichoingia, kilichotumika, kilichonunuliwa kwa bei yake na nambari ya mashine, na kilichobaki. Ibandikwe hospitalini, isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa na kanisani Jumapili, na itumwe kwa ujumbe wa simu kwa kila nambari iliyochangia, hata ile ya shilingi ishirini. Hundi kubwa ya karatasi ngumu inayoinuliwa mbele ya kamera haihesabiki kuwa taarifa.

Miezi sita baadaye wajumbe wawili warudi wodini na nambari zile za mashine mkononi, waulize ipi inafanya kazi, ipi imeharibika na nani ameitwa kuitengeneza. Majibu hayo, mazuri na mabaya, yarudishwe kwa wafadhili walewale kabla ya matembezi ya mwaka unaofuata kutangazwa.